Shaba ya nkambo: nani atakaa karibu na fundi?



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani na hatukitazami tena. Ni ile sahani ya shaba ya ukutani, iliyopigwa nyundo, yenye picha ya mama anayetwanga, au ramani ya Kongo, au ule msalaba wetu wa Katanga. Wengine wanayo malakiti juu ya kabati: tembo mdogo wa kijani, yai, kisanduku cha kuwekea hereni. Tulipewa siku ya ndoa, au baba aliletewa na wenzake siku ya kuacha kazi. Vumbi likizidi tunapanguza, basi.

Swali letu ni hili: mkono uliopiga shaba ile ulifundishwa na nani? Na leo mkono huo unamfundisha nani?

Sisi walimu swali hili linatugusa, kwa sababu ufundi ni masomo kama masomo mengine. Una mwalimu, una mwanafunzi, una mtihani, na mtihani wenyewe ni mgumu: kitu kinasimama au kinaanguka, kinang'aa au haking'ai. Unachokosa ni kitabu. Masomo ya kalasi yakisahauliwa, mtu hufungua kitabu akayakuta. Masomo ya mkono yakikosa mwanafunzi kwa kizazi kimoja tu, yamekwisha.

Kazi ya shaba ni ya zamani kuliko mji

Hapa Lubumbashi shaba tunaiita pia mukuba. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Watoto wetu wanafikiri hadithi ya shaba ilianza na ile cheminee ndefu na mlima mweusi wa takataka za kiwanda ulio karibu nayo. Tuwaambie kwamba ilianza mbali sana.

Kule Upemba, kando ya ziwa Kisale, kuna mahali panapoitwa Sanga. Kuanzia 1957 wataalamu walichimba pale makaburi ya watu wa kale. Walikuta vyungu vizuri vya udongo, vitu vya chuma, na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya baadaye walikuta misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama feza. Baadhi ya makaburi hayo yana zaidi ya miaka 700. Ndio msalaba uleule uliowekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, na tena kwenye feza za chuma za Katanga za 1961, pamoja na ndizi. Mtoto akiuona ukutani kwako, ajue anatazama feza ya nkambo zake.

Karne ya 19 walikuja Bayeke pamoja na Msiri, watu waliotoka upande wa Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Wakajenga Bunkeya. Kazi ya kuyeyusha shaba waliijua, na walijua pia kuivuta iwe waya mwembamba wa kufanyia bangili. Mwaka 1926 padri mmoja Mbelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu hapa kwetu, alichapisha maelezo ya kazi hiyo. Aliwaita watu wale walaji wa shaba. Maana yake si kwamba waliitafuna, ila ndiyo iliyowalisha.

Katika maelezo hayo kuna jambo ambalo mama wote wangepaswa kulijua. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Jamaa nzima ilihamia karibu na mlima wenye mawe ya kijani. Wanaume walichimba mashimo. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto ukapulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya swala. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mambo ya shaba hayahusu wanawake, mwambie kwamba mkono wa mama ulikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Namna kazi ile ilivyokatika

Sasa tuangalie mwisho wake, maana hapo ndipo kuna funzo. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1911 ilianza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, kwa tanuru kubwa na watu wa mshahara. Tanuru za kichuguu zikazimika. Padri alipotaka kuona kazi ya zamani, ilibidi wazee waliokuwa wameifanya ujanani wamwonyeshe tena, kwa kukumbuka.

Tufikiri kidogo juu ya wazee hao. Walikuwa hai, akili zao nzima, mikono yao inakumbuka. Ujuzi ulikuwa bado haujafa. Kilichokosekana ni vijana waliokaa karibu nao. Vijana walikuwa wameenda kwenye mshahara, na hatuwezi kuwalaumu, walikuwa na jamaa za kulisha. Lakini wazee walipoondoka, kazi ilibaki kwenye karatasi. Karatasi inakuambia kwamba moto ulipulizwa. Haikuambii rangi ya moto unaotosha, wala sauti ya mivukuto inayofanya kazi vizuri. Hayo yalikuwa ndani ya wazee, wakaenda nayo.

Tunasema ufundi unakufa pamoja na wazee. Ukiangalia vizuri, unakufa miaka mingi kabla yao, siku ile mtoto wa mwisho anaposimama na kuondoka kwenye kiti kilicho karibu na fundi.

Kazi ya leo inafanywaje?

Mafundi tunaowaona leo mjini hawayeyushi tena jiwe. Wako wanaopiga bati la shaba, na wako wanaochonga malakiti. Tueleze kazi zote mbili, ili mama anayepita mbele yao ajue anatazama nini.

Fundi wa bati anachora kwanza picha yake. Analilaza bati juu ya kitu laini, kama lami au mchanga, na kulipiga kwa nyuma ili picha iinuke mbele. Kisha analigeuza na kutengeneza mistari kwa vyuma vidogo: jicho, kidole, kamba ya kapu. Shaba ikipigwa sana inakuwa ngumu, na ikiendelea kupigwa inapasuka. Basi fundi anaipitisha motoni mpaka iwe nyekundu, nayo inalainika tena. Kujua lini uache kupiga na lini urudishe motoni, hilo halifundishwi kwa maneno. Mtoto analijua kwa sikio, kwa sababu sauti ya nyundo inabadilika.

Fundi wa malakiti anaanza kwa kulisoma jiwe. Ndani yake mna mistari, kijani cheupe na kijani cheusi, kama pete za mti. Akikata vibaya, mistari inapotea na jiwe linakuwa la kawaida. Anakata kwa msumeno huku maji yakitiririka, anasugua kwa jiwe la kuzunguka, halafu kwa karatasi ya msasa, ile kali kwanza na laini baadaye, mpaka jiwe ling'ae. Vipande vidogo havitupwi: vinapangwa na kubandikwa kimoja kimoja juu ya kisanduku, mistari ikifuatana, hata ufikiri ni jiwe moja.

Mwanafunzi wa kazi hizi haanzi na nyundo. Anaanza kwa kufagia, kuteka maji, kushika ncha ya bati. Halafu anapewa kusugua kitu ambacho mwenzake amekichonga. Anaharibu, anasugua tena. Ni miezi mingi kabla ya kupewa kipande chake. Sisi tunaofundisha watoto kuandika tunajua njia hiyo: vijiti kwanza, duara baadaye, herufi mwishoni.

Kwa nini watoto wanaondoka?

Sababu ya kwanza ni jiwe lenyewe. Malakiti ni madini ya shaba. Likiwa safi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Kwa hiyo fundi anagombea jiwe na watu wanaonunua madini kwa kilo. Jiwe zuri lenye mistari linatumbukizwa ndani ya mfuko pamoja na mawe mengine, linapimwa, linapelekwa kiwandani. Kwenye mizani uzuri hauna uzito. Fundi asiye na feza mkononi asubuhi hiyo amelikosa.

Sababu ya pili ni mfuko wa jamaa. Kijana anayeendesha teksi-moto au anayeuza yuniti za simu analeta kitu kidogo nyumbani kila jioni. Fundi anaweza kumaliza kazi nzuri na kungoja juma zima mnunuzi afike. Bukari haingoji mnunuzi. Mama akimwambia mtoto wake atafute kazi ya jioni hadi jioni, hasemi hivyo kwa sababu anadharau ufundi. Anasema kwa sababu mbabula iko chini na chungu ni kitupu.

Sababu ya tatu inatoka midomoni mwetu, na hiyo tunaweza kuibadilisha bila franka hata moja. Ni mara ngapi mtoto ameambiwa: usiposoma, utaishia kupiga nyundo? Neno hilo linamfundisha kwamba mkono ni adhabu ya mtu aliyeshindwa na kichwa. Katika kalasi tunaona matunda yake. Tukiuliza watoto wanataka kuwa nani, wanasema daktari, injinia, bosi. Hata mtoto wa fundi hasemi fundi. Na mtoto huyohuyo, saa ya kazi za mikono, ndiye anayepima kwa jicho na kukata sawa kuliko wengine wote.

Mtoto na kiwanda: masharti yetu

Hatusemi mtoto aache shule. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza shule ya msingi ya serikali kuwa bila malipo, na nafasi ya mtoto asubuhi ni kwenye benchi. Hatusemi pia mtoto apelekwe kwenye machimbo kuosha au kubeba mawe. Hiyo si kujifunza, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ilikuja kumkinga na kazi kama hizo. Kiwanda cha fundi ni kitu kingine, lakini nacho kina masharti. Haya ndiyo tunayopendekeza.

Kwanza, saa. Siku ya posho baada ya chakula cha mchana, na asubuhi chache wakati wa vakansi kubwa, zinatosha. Mtoto anayekaa karibu na fundi kwa saa tatu kila juma, mwaka mzima, ameona mengi.

Pili, mapatano. Mama aende mwenyewe aongee na fundi. Amwulize kwa heshima: Baba, baada ya miezi mitatu mtoto wangu atakuwa anajua kufanya nini? Fundi mzuri atakuwa na jibu. Asiyekuwa nalo anatafuta mtoto wa kufagia tu.

Tatu, vumbi. Hapa tunaomba masikio yenu yote. Vumbi la malakiti linadhuru mapafu, na halifai kuingia tumboni. Jiwe likatwe na kusuguliwa likiwa na maji, kamwe lisikatwe kavu. Fundi na mwanafunzi wafunike pua na mdomo kwa maski nzuri. Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto mchanga. Na jiwe lisisuguliwe uani karibu na mahali pa kupika au pa kulala. Mama mwenye fundi nyumbani, hapo wewe ndiwe mwenye amri. Usiogope kuitumia.

Nne, binti. Katika miji ya wafanyakazi, nkambo zetu na mama zetu walienda kwenye foyer sosyali wakajifunza kushona na kufuma. Wengi wetu tumevaa nguo zilizoshonwa na mikono hiyo, na wako mabinti leo wanaolipia masomo ya wadogo zao kwa mashine waliyojifunza miguuni pa mama. Hivyo wanawake tayari tunajua namna ya kupitisha kazi kutoka mkono mpaka mkono. Kwenye shaba na malakiti tunawaona zaidi wavulana. Lakini kupanga vipande vya jiwe juu ya kisanduku kunataka jicho na uvumilivu, na hivyo havina wavulana wala wasichana.

Wako pia watoto watakaotaka kwenda mbele zaidi. Mji wetu una desturi ya kuingiza sanaa shuleni: mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville, nyumba ya wachoraji walikotoka Pilipili Mulongoya, Bela Sara na Mwenze Kibwanga, ambao kazi zao zimefika mbali sana. Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha shule ya sanaa. Mtoto mwenye mkono mzuri anaweza kupata diploma kwa mkono huo.

Vikundi vyetu vinaweza kufanya nini?

Fundi hasaidiwi kwa huruma. Anasaidiwa kwa kazi. Kila mwaka kabla ya 8 Machi vikundi vyetu vinachanga feza kwa ajili ya pagne na sherehe. Kikundi kimoja kikiagiza mwaka huu vipini vya shaba vya kubandika kifuani, au hereni za malakiti kwa kila mwanachama, fundi mmoja amepata kazi ya juma nyingi, na mwanafunzi wake amepata vitu vingi vya kujifunzia. Hivyo hivyo kwa ndoa, kwa komunyo, kwa mwalimu anayehama. Badala ya maua ya plastiki yanayopauka kabla ya mwaka kwisha, tutoe kitu ambacho mjukuu atakirithi.

Lakini tuagize kwa akili. Fundi anakwama kwa sababu hana feza ya kununua bati au jiwe. Kikundi kitoe nusu ya bei siku ya kuagiza, kiandike kwenye daftari la likelemba, na nusu ya pili siku ya kupokea. Na tunapojadili bei, tuhesabu kama tunavyohesabu vitumbua vyetu: malighafi ni kiasi gani, siku ngapi za kazi, makala ya kuwashia moto, usafiri. Muuza vitumbua akilipwa chini ya bei ya unga, kesho hatakaanga. Fundi naye ni hivyo. Kupunguza bei kidogo ni desturi ya soko. Kupunguza mpaka chini ya kazi ya mtu ni kumfukuza mtoto wake kwenye ile kazi.

Mwisho, tutunze tulivyo navyo. Shaba ya ukutani ikiingia weusi usiotakiwa, sugua kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha vizuri. Lakini kama fundi aliiacha nyeusi kwenye mistari makusudi, panguza tu kwa kitambaa kikavu. Malakiti usiiguse kamwe kwa ndimu wala siki: asidi inakula jiwe lile na mng'ao hauwezi kurudi. Kitambaa laini chenye maji kidogo kinatosha. Na sahani ya shaba ya mapambo isiwekewe chakula chenye ndimu au nyanya, si salama.

Kazi ya nyumbani

Walimu hatumalizi bila kutoa kazi ya nyumbani. Juma hili, teremsheni sahani ile ukutani. Mpeni mtoto aigeuze, atazame nyuma, aone alama za nyundo moja moja. Mwulizeni anafikiri ni mapigo mangapi. Halafu mwambieni ni nani aliyeinunua, na kama mnajua, ni nani aliyeipiga.

Na wale wenye fundi katika jamaa, wa shaba, wa malakiti, wa vyungu, wa vikapu, mje mtuambie kwenye mkutano. Tutaandika kwenye daftari la kikundi nani anajua nini, na nani yuko tayari kupokea mwanafunzi siku ya posho. Pembeni mwa kila jina tutaacha mstari mtupu kwa ajili ya jina la mtoto.

Mubaki na amani, mama. Tuonane juma lijalo.